Mtu wa Mito na Jina la Kakitani

Tulipotoka kwenye handaki la mwisho tulikuwa tumebaki wawili, mimi na dereva, na dereva hakuwa mtu wa maneno. Treni ilikuwa ya behewa moja. Kulia kulikuwa na bahari ya kijivu, theluji ikiingia ndani yake bila kuacha alama. Kushoto mashamba ya mpunga yakisubiri msimu. Nilikuwa nimekaa Japani miaka mingi na nikidhani nchi imeniishia, lakini Sunagase sikuwahi hata kuisikia mpaka nilipoombwa makala juu ya sosi ya soya. Mji ule hauna kingine cha kuuza. Niliunusa kabla sijauona: harufu nzito ya chumvi na mkate ulioshika moto kidogo, imekaa juu ya mapaa kama mvuke juu ya sufuria.

Stesheni ina kibanda kimoja cha tambi. Mwenyewe ni mama wa miaka sabini hivi, Hamaji Nobu, mfupi, mwenye viganja vipana na kitambaa cheupe kichwani. Alinipa bakuli la moto, akaniuliza nimetoka wapi, kama nimeoa, mbona nimekonda, na mwisho nalala wapi.

"Kwa Mwalimu Tobita, ng'ambo ya mto. Ana chumba cha juu."

Upawa wake ukasimama hewani.

"Kwa yule," alisema. "Haya, maliza bakuli lako. Ila kesho ukitaka kula hapa, asubuhi usile anachokula yeye."

"Anakula nini?"

"Utajua. Utakinusa kabla hujakiona. Mwanangu anafanya kazi kiwandani kwa Kakitani, chumba cha koji, na mimi kile kitu sikitaki hata kwenye nguo za mteja."

Mwalimu Tobita alikuwa ananisubiri kichwani mwa daraja na mwavuli, mzee mrefu aliyepinda juu kidogo kama msumari uliopigwa vibaya. Kabla hatujasalimiana sawasawa, wakatokea wanaume wawili wenye mabuti meupe ya kiwandani. Walipomwona walivuka barabara, wakaenda upande wa pili, na kutoka kule wakainama kwa adabu. Naye akainama. Kisha kila mtu akashika njia yake.

"Usiwafikirie vibaya," aliniambia. "Heshima napewa, umeona mwenyewe. Ninachonyimwa ni nusu ya barabara."

Asubuhi nilikijua kile kitu. Kilikuwa natto, soya zilizovundikwa ndani ya mabua ya mpunga mpaka zikatoa utelezi. Ukizikoroga kwa vijiti zinavutika kama mlenda, na harufu yake ni ya soksi zilizosahauliwa. Huko kwao, mji wa Mito, mashariki, watoto wanalelewa kwa natto kama sisi tunavyolelewa kwa uji. Lakini watu wa kiwanda cha sosi wanaiogopa kuliko moto. Sosi huanzia kwenye koji, soya na ngano zilizopandwa ukungu mzuri katika chumba cha joto, na kile kijidudu cha natto kikiingia humo kinautafuna ukungu wote. Hakifi kwa sabuni, hakifi kwa maji ya moto ya kuogea. Kinasafiri kwenye ndevu, kwenye pindo la nguo, kwenye pumzi. Kwa hiyo Sunagase wafanyakazi hawali natto, wake zao hawali, na duka linaiuza chini ya meza kama pombe haramu.

Mzee Tobita alikuwa akila kila siku saa moja asubuhi, dirisha lake likiwa wazi kuelekea kiwandani.

"Upepo wa asubuhi unatoka baharini kwenda bara," alinieleza, maana alikuwa mtu wa sayansi na hakutaka nimfikirie vibaya. "Haufiki kwao. Nafungua dirisha kwa ajili ya moyo wangu tu."

Watu wachache sana pale mjini wanaweza kukueleza mzee huyu aligundua nini, ingawa wote wanajua kwamba aligundua. Wanakemia wanauita mmenyuko wa Kakitani. Kaboni ndiyo mifupa ya kila kilicho hai, lakini atomu mbili za kaboni ambazo kila moja imeshatulia na jamaa zake hazina haja ya kushikana mikono. Zamani walizilazimisha kwa moto mkali na kwa dawa zinazolipuka zikiona tone la maji. Yeye, akiwa kijana, aliona kwamba ukiweka chembe ya paladi, madini ya thamani ndugu wa platini, pamoja na chumvi moja isiyo na makuu, zile kaboni zinaungana zenyewe kwa joto la maji ya kuoga. Paladi inaishika moja kwa mkono huu, nyingine kwa mkono huu, inazikutanisha, kisha inajitoa kama ilivyoingia.

"Kama mshenga," nikasema.

"Kila mgeni ananiambia hivyo, kila mmoja kwa lugha ya kwao. Tatizo la mshenga wangu ni kwamba ukimpikia na uchafu kidogo anakufa, unabaki na lami nyeusi. Andika na hilo." Akalamba vijiti vyake. "Dawa ya presha anayokunywa Nobu pale stesheni imeunganishwa kwa njia yangu. Namkasirisha, halafu namtuliza. Ni huduma kamili."

"Na kwa nini unaitwa mmenyuko wa Kakitani, wakati wewe ni Tobita?"

"Kwa sababu niliolewa," akasema.

Kwetu mwanamume huoa, na anayesema ameolewa anataka kuchekwa. Kule, nyumba yenye mali na binti peke yake humtafuta kijana mwenye akili, humwoza binti yao, na papo hapo humwandikisha kijana kuwa mwana wa nyumba. Anaacha jina la baba yake mlangoni kama viatu. Tobita Masanori, mwana wa tatu wa fundi baiskeli wa Mito, alikuwa anamalizia masomo ya kemia Kanazawa alipokutanishwa na Kakitani Fusae, binti pekee wa nyumba kubwa ya sosi. Walipendana, jambo ambalo halikuwemo kwenye mapatano. Akawa Kakitani Masanori. Mkwewe, Kakitani Genzo, alimruhusu aendelee na maabara ya chuo siku nne kwa wiki, kwa kuwa mkwe mwenye maabara ni pambo. Ndani ya miaka ile akagundua alichogundua, akakichapisha kwa jina alilokuwa nalo, na ulimwengu ukalipokea jina hilo.

Halafu akafukuzwa, akavuliwa jina, na ugunduzi ukabaki na waliomfukuza.

Sababu inajulikana na kila mtu Sunagase, na Nobu alinisimulia siku ya pili, nilipomwapia kwamba asubuhi nimekula mkate. Mwaka mtoto wa Masanori na Fusae alipoanza kutambaa, mama yake Masanori alikuja kutoka Mito kumwona mjukuu. Alileta alichokuwa nacho: natto, imefungwa kwenye mabua. Siku mbili baadaye koji yote ya msimu ikageuka utelezi. Vyumba viwili vikateketezwa, mbao na mikeka yake. Mapipa makubwa yakakaa matupu mwaka mzima.

"Mzee Genzo alituita wote uani," Nobu alisema. "Mimi nilikuwa msichana, nilikuwa naosha vitambaa, nikasimama kando ya baba. Akauliza, nani? Mwalimu akatoka mbele. Akasema, mimi, nilikula, nikaingia kupima joto. Basi. Mtu wa Mito, ungetaka ushahidi gani tena?"

"Na baba yako?"

"Baba alikuwa mkuu wa koji. Hakuna aliyemwambia ondoka. Lakini mkuu wa koji ambaye koji imemfia hawezi kukaa. Alikwenda kuchimba mahandaki ya treni huko kaskazini, mapafu yakajaa vumbi, tukaletewa mifupa yake iliyochomwa, kwenye kisanduku." Alifuta meza pasipo na kitu. "Nasubiri aniinamie. Si mengine. Awe uani pale pale, ainame, aseme samahani, Hamaji. Nikishaiona siku hiyo, akitaka ale hiyo takataka yake mpaka afe."

Siku hiyo ilikuwa inakuja. Kiwanda kilikuwa kinaandaa sherehe ya kutimiza karne tatu, na uani walikuwa wamesimamisha jiwe, bado limefunikwa turubai la buluu. Kutoka darajani ulikuwa unaliona. Wangekuja wanakemia kutoka Kanazawa na kutoka ng'ambo, kwa sababu jiwe lilisema kwamba katika nyumba hii aliishi Kakitani Masanori, mwanzilishi wa mmenyuko wa Kakitani.

Mwenye kiwanda sasa ni yule mtoto aliyekuwa anatambaa, Kakitani Yoshitaka. Alikuja siku ya nne ya kukaa kwangu, akabisha, akavua koti na soksi pia mlangoni, akavaa soksi nyingine alizotoa kwenye mfuko wa plastiki. Baba na mwana walikaa kwenye meza ya joto, ile yenye jiko chini na blanketi juu, mimi nikapanda juu, lakini nyumba za karatasi hazina siri.

"Mwalimu, hujambo na baridi hii?"

"Sijambo, bwana mkubwa. Nyumbani hawajambo?"

Walikuwa wanaitana hivyo, mwalimu na bwana mkubwa, kama watu waliokutana benki.

Yoshitaka alizunguka sana kabla ya kufika. Alisifu chai, akasikitikia daraja, mwishowe akasema. Mama yake, Fusae, alikuwa amefariki vuli iliyopita, na mifupa yake imo katika kaburi la ukoo, hekaluni, juu ya kilima. Kando yake pana nafasi. Nyumba ilikuwa tayari kumpa Mwalimu nafasi ile siku yake itakapofika, na kuandika ubavuni mwa jiwe la kaburi, Kakitani Masanori, mume wa Fusae. Katika daftari za serikali angebaki Tobita, lakini serikali haisomi makaburi. Nyumba iliomba jambo moja tu. Siku ya sherehe, kabla turubai halijaondolewa, Mwalimu asimame uani mbele ya wafanyakazi na jamaa za wafanyakazi wa zamani, ainame, aombe msamaha kwa koji ile. Yoshitaka angetamka kwamba nyumba imesamehe.

"Wazee hawatakubali uingie kaburini bila hilo," alisema. "Hasa mama Hamaji."

"Nipe siku chache," baba yake akajibu.

Alipokwenda, mzee alinipigia kelele nishuke. Alikuwa hajagusa chai.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Vizuri, itanipunguzia maneno." Akakisukuma kikombe pembeni. "Sikula mimi."

Nikakaa.

"Sikula siku ile. Nilikuwa Kanazawa, nimelala maabara, na mama alikuja na treni ya mchana. Aliyemkaribisha ni Fusae. Mama yangu alikuwa mtu wa kijijini, hajui miiko ya sosi. Akatoa natto, akapakua, akamwambia, mwanangu, kula, huyu mtoto anahitaji maziwa. Ungefanyaje? Fusae hakuwahi kuionja maishani. Hakutaka kumwaibisha mkwewe. Akala. Usiku aliniambia kwenye simu huku anacheka, eti ni tamu, inafanana na kufanya kosa. Asubuhi wanawake wa koji walikuwa wachache, homa ilikuwa imeingia mjini, baba yake akamwita akasaidie. Alikwisha kuoga mara mbili. Alidhani inatosha."

"Na uani?"

"Kesho yake nilirudi kumwona mama, kwa hiyo hakuna aliyehesabu saa. Uani nilimwona Fusae anataka kuinua kichwa. Genzo yule, bwana, alikuwa mtu aliyewahi kumchapa mkewe kwa upanga wa mbao kwa sababu ya pipa lililovuja. Nikatoka mbele. Nilidhani nitagombezwa. Nilikuwa mwanakemia mwenye jina, ati. Sikujua kwamba mzee anasubiri tu sababu, amechoka na mkwe anayekuja nyumbani siku tatu. Mwezi haukuisha, ndoa ikavunjwa na jina likarudishwa kwao."

"Fusae alisema nini?"

"Alikuwa na mtoto, na nyumba ile ilikuwa haina mwingine. Hakusema kitu."

Mengine niliyapata vipande vipande, siku zilizofuata. Alirudi kuwa Tobita, na Tobita katika kemia hakuwa mtu. Chuo kilimwona mtu wa kashfa, mkwe aliyetemwa. Akaandika makala mbili nzuri kwa jina la baba yake. Katika mkutano mmoja wa Osaka, bwana kijana alimwendea akamwambia kwa upole kwamba kazi yake inafuata sana nyayo za Kakitani, na ingefaa amtaje zaidi. "Niliahidi kumtaja," mzee alisema. Akaishia kufundisha kemia sekondari mji wa jirani, watoto wa wavuvi na wa wauza vipuri. Angeweza kurudi Mito. Alipanga nyumba ng'ambo ya mto, mahali anapoweza kuona taa za kwa Kakitani zikiwashwa na kuzimwa, akaanza kula natto kila siku, kwa kuwa mtu akishahukumiwa kwa chakula, heri akile.

"Ulionana naye tena?"

"Tulikuwa tunakutana darajani. Naye alikuwa mtu wa kiwanda, ilibidi avuke upande wa pili. Alivuka. Alikuwa anainama kupita wote."

Aliposema hivyo hakuwa na uchungu. Hiyo ndiyo iliyokuwa mali yake: kwamba alimbebea Fusae jambo, na kwamba mtoto wao amekua akimheshimu mama yake bila doa. Nilimwuliza kama atakubali kuinama.

"Nitainama. Shingo imeshazoea. Yule Nobu anadai, na mtu anayedai haki hawezi kwenda kuidai kaburini. Hamaji alikufa kwa sababu ya nyumba yetu. Kama ni mimi au ni mke wangu, mapafu yake hayakujua tofauti." Akatabasamu upande mmoja. "Halafu nitalala kando ya Fusae. Hilo silifichi. Nimelala peke yangu mno."

Kuanzia kesho yake aliacha natto. Alitaka siku ya sherehe awe safi kwa mwiko wa kiwanda, asiwe na kijidudu hata kimoja. Alichemsha nguo zake zote, akakata ndevu, akakata nywele, akapiga mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Asubuhi alikula wali na yai, kwa huzuni, kama mtu anayekula dawa. Dirisha akalifunga. Nilipokuwa nakwenda kiwandani kwa ajili ya makala yangu, wafanyakazi waliniuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli, nikasema ni kweli, na jioni moja kijana mmoja wa mabuti meupe alikutana na mzee darajani akasita, akabaki upande ule ule. Walipishana bega kwa bega. Mzee alirudi nyumbani, akanitengenezea samaki mzima ambaye sikumwomba.

Zikiwa zimebaki siku mbili, Yoshitaka akaja tena. Alileta koti rasmi jeusi lenye nembo ya nyumba mgongoni na mabegani, limekunjwa kwenye karatasi. Safari hii mzee aliniambia nibaki, nimimine chai, naye akalijaribu, akalivua.

"Limekuenea?" Yoshitaka aliuliza.

"Limenienea. La nani?"

"La babu."

"Genzo alikuwa mnene kuliko mimi."

"Tumelipunguza."

Wakacheka wote wawili, na kwa kitambo kile walifanana kabisa, pua ile ile, namna ile ile ya kufunika mdomo. Mzee alilisawazisha lile koti magotini.

"Bwana mkubwa, nina ombi dogo. Katika hotuba uliyonitumia umeandika kwamba nilikula kwa uroho wangu. Nitainama, sina neno. Lakini uroho, liondoe hilo. Mama yangu alileta chakula kwa upendo."

"Tutaliondoa," alisema Yoshitaka haraka. "Una haki. Hata mama asingependa neno lile. Alisema bibi wa Mito alikuwa mtu mpole sana, alimpakulia mara ya pili."

Kiberiti cha jiko kilikuwa mkononi mwangu, na sikukiwasha.

"Alimpakulia nani?" mzee akauliza.

Yoshitaka aliitazama meza. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke. Alikuwa mtu aliyelala vibaya.

"Mama aliniambia," alisema. "Hospitalini. Aliniambia ni yeye."

"Kwa hiyo unajua."

"Tangu vuli."

"Na umeniletea koti."

"Mwalimu, naomba unielewe. Sura ya mama imo kwenye kila chupa yetu. Watu wananunua kwa sababu yake, yule mama wa koji, mikono yake ile. Wafanyakazi wanamwekea uvumba asubuhi kabla ya kuingia. Niwaambie nini? Niwaambie miaka yote hii mlikuwa mnavuka barabara kumkwepa mtu asiye na kosa, na mwenye kosa mnamwabudu?" Alikishika kikombe chake kwa mikono miwili. "Wewe umeshaubeba mzigo huu maisha yako yote. Imebaki nusu saa tu."

Nje, theluji iliteleza kutoka paani ikaanguka kwa kishindo.

"Na yeye? Alisema nini juu yangu?"

"Alisema ulijitolea mwenyewe. Kwamba yeye hakukuomba."

"Ni kweli," alisema Tobita. "Hakuniomba."

Alilikunja koti taratibu, kwa mikunjo yake ya asili, mikono ndani, nembo juu. Akalirudisha kwenye karatasi, akalisukuma juu ya meza hadi likagusa kikombe cha mwanawe.

"Baba," Yoshitaka akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia neno hilo mle ndani.

"Nenda ukalale. Waambie nimeshikwa na homa. Ni uzee, hakuna atakayeuliza. Jiwe lenu litasimama vizuri bila mimi, limeshaandikwa."

"Na mama? Nafasi ile?"

"Kila siku alikuwa anavuka upande wa pili," alisema mzee. "Mwache apumzike huko."

Kesho yake hakufunga safari kwa ghadhabu. Alifagia. Aliniachia ufunguo mpaka mwezi wangu wa kodi uishe, akanionyesha bomba linaloganda. Alikuwa anakwenda Mito, kwa mpwa wake mwenye duka la baiskeli, ambako kaburi la baba yake lina jina moja tu. Kisha akatoa kutoka kabatini kitu kilichofungwa kwenye mabua, natto ya kwao hasa, na tukala wote wawili, dirisha likiwa wazi. Alikula mabakuli mawili, na fundo moja lililobaki akalitia katika mfuko wa koti.

Tulivuka daraja pamoja. Mwishoni mwa daraja njia inagawanyika, kulia stesheni, kushoto lango la Kakitani. Lilikuwa wazi, maana walikuwa wanaingiza viti, na mvuke wa koji ya msimu ulikuwa unatoka kwenye matundu ya paa. Mzee alisimama. Mkono ulikuwa mfukoni. Angehitaji hatua chache tu na mlango mmoja, na salamu kwa vijana ambao juzi walianza kumpisha begani. Alisimama kiasi kwamba theluji ilianza kumkaa mabegani.

"Unaogopa?" aliniuliza bila kugeuka.

"Naogopa."

"Hata mimi."

Akakata kulia.

Nobu alimwona tangu mbali, akashika upawa kwa mikono miwili. Hakuwa amewahi kumhudumia.

"Umekula?"

"Nimekula. Mawili."

"Basi simama pale pale mwisho, usiegemee." Hata hivyo alichota. Aliliweka bakuli ukingoni, akalisukuma kwa mpini wa upawa hadi likamfikia. "Wanasema una homa, na kesho hutakuja."

"Sitakuja."

"Nilijua. Mtu wa Mito." Sauti yake ilikuwa imechoka kuliko kukasirika. "Nilishamnunulia baba maua ya kumpelekea habari kaburini. Unajua alikufa analilaani jina lako?"

Mzee aliinua uso kutoka kwenye tambi.

"Lipi?"

"Lipi nini?"

"Jina. Alililaani lipi?"

Nobu alimtazama kama mtu anayeulizwa jua linatoka wapi. "Kakitani. Si ndilo tulilokujua nalo?"

Tobita alicheka. Sikuwahi kumsikia akicheka vile, kicheko cha tumboni kilichomlazimisha kushika nguzo ambayo alikatazwa kuiegemea, mpaka machozi yakatoka. Nilifungua mdomo. Akaniona, akatikisa kichwa mara moja, nikaufunga.

Treni ya behewa moja ilikuja kwa wakati wake. Aliweka bakuli chini likiwa tupu, akasogea hadi mbele ya kibanda, kadiri alivyoruhusiwa, akainama kwa Nobu, chini sana, mgongo ukiwa sambamba na ardhi, na akakaa hivyo mpaka dereva akapiga honi.

"Samahani, Hamaji," alisema.

Akapanda. Nobu hakuwa tayari. Hakuinama, alibaki na upawa ukidondosha mchuzi kwenye viatu vyake, na treni ikaingia kwenye handaki ambalo, kwa kadiri ninavyojua, huenda lilichimbwa na watu kama baba yake.

"Haikuwa uani," alisema baadaye. "Nilitaka iwe uani, mbele ya watu."

Kisha akalichukua lile bakuli kwa vijiti viwili, akalimwagia maji yanayochemka. Akamwagia tena. Akaifuta nguzo, akaichemshia kitambaa, akaifuta upya. Mwisho akageukia upande wangu, macho mekundu.

"Na wewe," akasema, "umekula?"

Nikasogea mwisho wa kibanda, mahali pasipoegemewa.